Afande Aliyekagua Wageni

Ukiingia wodini kwake bila kusimama kwanza mlangoni, Afande alikutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Haidhuru wewe ni nani: mchungaji, diwani, mke wa mkubwa fulani. Ulisimama pale ukangoja, naye akamaliza alichokuwa akifanya, ambacho mara nyingi hakikuwa kitu, kisha akainua kidole kimoja. Hapo ndipo ulipopita. Kitanda chake kilikuwa cha kwanza kutoka mlangoni, mkono wa kulia, na hakuna mgeni aliyemfikia mgonjwa yeyote wa wodi ile kabla ya kumweleza yeye amebeba nini na kwa nini.

Mimi siku ya kwanza nilibeba sufuria ya pilau niliyoifunga kwa kanga, na mikono ilikuwa ikiungua.

"Mama, simama hapo. Hiyo ni nini?"

"Pilau, mzee."

"Mimi si mzee. Mzee iko kijijini. Mimi ni Sajenti. Hiyo pilau iko na nyama, ama iko na hadithi ya nyama?"

Nilimwambia pilau yangu ina nyama kuliko yeye. Nesi aliyekuwa akifunga bendeji aliniambia baadaye kwamba moyo ulimruka, maana hakuna raia aliyewahi kumjibu yule mtu namna ile. Afande akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, akafunua kifuniko, akanusa, akasema, "Pita, Mama Pilau." Jina hilo likaniganda, na mpaka leo wapo makoplo mjini Kampala wasiojua kwamba nina jina jingine.

Nilikwenda pale kwa ajili ya mdogo wangu, Rajabu. Sisi ni watu wa mtaa wa Kibuli, wenye duka. Mababu zetu walitoka pwani na majora ya nguo, wakaja kuuza, wakasahau kurudi. Katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kushika bunduki. Marehemu baba alikuwa akisema mtu wetu akionekana vitani basi amekwenda kuuza sukari. Rajabu akaenda kujiandikisha bila kuaga, akapelekwa Somalia, akarudishwa na jicho moja. La kushoto lilibaki huko. La kulia alirudi nalo, lakini lilikuwa limeanza ukungu, na kila mwezi ukungu ulizidi. Nilitaka jambo moja tu: mdogo wangu avue ile nguo ya mabaka, arudi nyumbani. Afande naye alitaka jambo moja: Rajabu abaki jeshini. Kwa hiyo unaponisikia namsema vibaya yule mtu, ujue tuligombea mtu mmoja, na anayegombea hawezi kuwa hakimu.

Hospitali yenyewe iko juu ya kilima kimoja cha mji huu. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa wenyewe bado wana bunduki.

Tuanze na Kiswahili chake. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akikuchapa ukikosea kusema, na Kiswahili cha Afande kilinichoma masikio kuliko dawa ya wodini ilivyonichoma pua. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Mtu iko, kitanda iko, Mungu iko. Nilipomsahihisha, alinyanyua mkono kama anayesimamisha lori.

"Mama Pilau, Kiswahili yako ni ya harusi. Inazunguka, inanukia, inachukua saa mbili. Yangu ni ya kazi. Nikisema lala chini, mtu analala, lisasi inapita. Wewe ukimaliza kusema yako, mtu amekufa na ameoza."

Wagonjwa walicheka mpaka mmoja akashika mshono.

Wodi ile ilikuwa na vyeo viwili. Kulikuwa na vyeo vya jeshi, vile vya mabegani, ambavyo Afande aliviheshimu kwa nje. Kisha kulikuwa na vyeo vya majeraha, ambavyo alivitoa mwenyewe na havikuwa na rufaa. Aliyepigwa na bomu alilala karibu na dirisha. Aliyepigwa risasi alifuata. Walioumia kwa ajali walikaa katikati, na kule mwisho, karibu na mlango wa choo, walilala wa ngiri na malaria, ambao Afande aliwaita "raia wetu". Luteni mmoja aliletwa na ngiri, akataka dirisha. Afande akampigia saluti safi kabisa, kwa kuketi, akamwambia, "Ndiyo, afande. Dirisha ni ya bomu, afande. Choo iko ile pande, afande." Luteni akalala mlangoni pa choo.

Kulikuwa pia na koplo mmoja mnene, mpole, ambaye mgongo ulimvunjika lori la chakula lilipopinduka na shehena ya kabeji ikamwangukia. Jina lake likawa Kabeji, na hata daktari aliandika hivyo siku moja kwenye faili kwa kusahau. Kabeji alikuwa na cheo cha katikati, lakini siku za wageni alipandishwa, na hapa ndipo nilipoanza kumjua Afande vizuri.

Wageni wa hospitali ya jeshi hawaji ovyo; wanakuja kwa misimu. Msimu wa Idi, msimu wa Krismasi, msimu wa uchaguzi, na siku yoyote mtu mwenye kampuni anapotaka kupigwa picha akiwa na huruma. Afande aliwasikia tangu getini. Alipiga makofi mawili na kuuliza, "Ni sukari, blanketi ama televisheni?" Mtu wa dirishani alichungulia na kutoa taarifa. Kila msaada ulikuwa na uso wake, nyuso tatu, na wodi ilikuwa imezifanyia mazoezi. Uso wa sukari ulikuwa wa kawaida, mtu anatabasamu kidogo na kukunja paji. Uso wa blanketi uliongezewa kikohozi. Uso wa televisheni ulikuwa kazi kubwa: unatazama darini, unahesabu mpaka kumi bila kupepesa, kisha unamgeukia mgeni polepole na kusema, "Mungu awabariki." Nilishuhudia mazoezi hayo kwa macho yangu. Afande alimwambia bwana mmoja aliyepoteza vidole, "Wewe unacheka na meno. Mgonjwa anacheka na mdomo. Rudia."

Siku moja walikuja kina mama wenye fulana za zambarau, mpiga picha mbele yao akirudi kinyumenyume. Kiongozi wao alisimama mbele ya Kabeji, akamshika mkono, akauliza, "Kaka, ulipatwa na nini?" Kabeji ni mtu wa dini, hawezi uongo. Akafungua mdomo aseme kabeji, Afande akamwahi kutoka upande wa pili wa wodi.

"Huyo, nnyabo, mama yangu, alizuia gari ya adui na mgongo."

Yule mama alilia machozi ya kweli, lazima nimpe haki yake. Kabeji alipata blanketi, chupa ya chai na shuka zenye maua. Walipoondoka, Afande aliita vitu vyote vipitishwe kwake, akachukua chupa ya chai, akampelekea mtu wa dirishani asiye na mikono yote miwili. "Hii ni ya bomu," alisema. "Wewe Kabeji, kunywa na kikombe."

Nilimwambia ni tapeli. Hakukasirika. Alikuwa anakunja shuka moja yenye maua, pembe kwa pembe, kijeshi.

"Mama Pilau, hawa watu wanatupenda tukilala. Sikia mimi. Wewe simama, toka hapa, vaa suruali, nenda kwa ofisi ya huyo mama na magongo yako, sema naomba kazi ya mlinzi. Uone kama analia tena."

Nilijua maneno yale hayakulengwa kwangu. Yalikuwa ya Rajabu, aliyekuwa amelala kitanda cha tatu, akisikiliza kila herufi.

Kuhusu mguu wake mwenyewe, Afande alikuwa mkarimu wa hadithi. Mguu ulikatwa juu ya goti, na kile kipande kilichobaki alikilaza juu ya mto wake wa pekee, wenye foronya safi, kama mgeni wa heshima. Shehe alipokuja, mguu ulikuwa umekatika Afande akimbeba Mwislamu mwenzake, ingawa Afande hakuwa Mwislamu. Mchungaji alipokuja, ulikuwa umekatika Jumapili asubuhi, katikati ya wimbo. Kwa mheshimiwa mbunge, ulikatika kwa ajili ya bendera. Mimi nilimwuliza mara nne kwa miaka mitatu. Aliniambia mamba, nyoka, mamba yule yule, na mara ya nne akaniambia kuna mtu aliuazima. Mpaka leo sijui, na faili lake sikuwahi kuliona.

Alisali kwa pande zote mbili. Ijumaa alikaa na sisi, Jumapili na Wakristo, na alipoulizwa alisema askari mwenye akili haendi vitani na bunduki moja. Lakini nilimwona siku moja, baada ya saa za wageni kwisha, mimi nikitafuta kifuniko cha sufuria nilichokisahau. Alikuwa amejikokota na magongo mpaka dirishani na alikuwa akimlisha yule asiye na mikono. Tonge baada ya tonge, pilau yangu, akimfuta mdomo kwa ncha ya shuka. Aliponiona akabadilisha uso haraka.

"Huyu anaonja kwanza," akasema. "Chakula ya raia inaweza kuwa na sumu. Akikufa, mimi sikuli."

Yule mtu wa dirishani alikuwa amelijaza tumbo lake, na sufuriani lilibaki konzi moja la wali. Hilo ndilo Afande alilokula.

Sasa nisimfanye malaika, maana nasikia nikianza kulainika, na hilo lilikuwa si desturi yetu. Alikuwa jeuri. Manesi aliwaita kwa kupiga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Fundi wa miguu ya bandia, mtu mvumilivu kutoka karakana ya chini, alimtengenezea mguu mara nne. Wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili ulikuwa mrefu. Wa tatu Afande alisema una kiburi, hautaki kufuata mwenzake. Wa nne ulilia kila ukikunjwa, na adui angeusikia. Fundi akasema, "Banange, jamani, kilichobaki ni kumchonga yeye atoshe kwenye mguu." Wote walielewa shida ilikuwa wapi. Aliyejifunza kutembea aliitwa mbele ya bodi, ile meza ya madaktari inayoamua nani anarudi kazini na nani anaachishwa jeshi aende kwao. Na kwao Afande hakukutajwa kamwe. Hakuna barua iliyokuja, hakuna mke wala mtoto aliyesimama pale mlangoni kungoja kidole. Alikuwa na msemo: "Kwa jeshi hakuna kupona, iko tu kungoja." Alingoja kwa ustadi.

Basi bodi ikatangazwa, na jina la Rajabu lilikuwamo.

Nilifurahi, sifichi. Mtu mwenye jicho moja, nalo lina ukungu, wamfanyie nini jeshini? Nikapaka chokaa chumba cha nyuma ya duka. Nikanunua godoro. Ila sikujua utaratibu. Askari mwenye jicho moja zima anaweza kubakizwa, akapewa kazi ya stoo, ya kuandika blanketi na buti. Kinachotakiwa ni hilo jicho lisome ubao wa herufi unaoning'inia kwenye kliniki ya macho, mpaka mstari wa sita.

Rajabu hakuona hata mstari wa pili. Lakini Afande alikuwa amekaa kwenye benchi la ile kliniki miaka mingi, akingojea dawa na kugombana na manesi, na ubao wote alikuwa nao kichwani.

Niliwakuta siku moja asubuhi. Sufuria mkononi, nimesimama mlangoni kama ilivyo sheria, na nikasikia wodi nzima inasoma kwa mahadhi ya gwaride:

"Ii! Efu, Pii! Tii, Oo, Zedi!"

Afande alikuwa akipiga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Kabeji alikuwa anatikisa kichwa. Hata wa malaria kule karibu na choo walisoma. Madrasa yetu Kibuli haijawahi kuwa na nidhamu ile. Rajabu alisimama katikati, wima, mkono mmoja umefunika tundu la jicho la kushoto, anatazama ukuta mtupu na kutaja herufi mstari kwa mstari, na kwenye kila mstari Afande alimfundisha namna ya kusita kidogo, akunje uso, ajifanye anatafuta. "Usikimbie. Mtu anayeona anafikiri kwanza. Kipofu ndiyo anakimbia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaweka sufuria chini. Ndipo nikaelewa.

Nilimvuta Afande pembeni kwa maneno, kwa kuwa kwa miguu asingevutika. Nikamwambia huyu mtu haoni, wakimpa bunduki je?

"Watampa kalamu. Stoo ni kalamu."

"Na asipoiona kalamu?"

"Mama Pilau, huyu akirudi kwako anakuwa nani? Anakaa juu ya gunia, watu wanakuja kununua chumvi, wanasema pole. Kila siku pole. Hapa hakuna mtu anamwambia pole."

"Atakuwa mdogo wangu. Haitoshi?"

Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Wewe unataka mwanaume wa kubeba magunia." Hilo linaniuma mpaka leo, maana ndani yake mlikuwa na punje ya kweli. Duka lilikuwa limenielemea, baba hayupo, na nilikuwa nimechoka. Lakini pia kwa miezi kumi na minane aliyokuwa Somalia nilikuwa nikiogopa simu yangu mwenyewe. Sikuwa tayari kuanza upya.

Jumatano nilipanda kliniki. Daktari wa macho alikuwa akiandika. Nikamweleza yote: ubao, kijiko, mahadhi. Hakuinua kichwa. Alisema, "Asante, mama," akaandika kitu, akaniuliza kama nimefunga mlango vizuri kwa sababu ya vumbi.

Siku ya bodi sikuwapo. Nesi aliyekuwapo ndiye aliyenisimulia, na aliniambia huku anapangusa macho kwa mkono wa gauni lake. Daktari alikuwa ameushusha ule ubao wa zamani akatundika mwingine, usio na herufi ila alama moja tu iliyogeuzwa huku na huku. Rajabu akaingia wima, akapiga saluti, akafunika jicho. Akaambiwa asome. Akasoma. Ii. Efu, Pii. Tii, Oo, Zedi. Mstari kwa mstari, anasita pale alipofundishwa kusita, anakunja uso pale alipofundishwa kukunja, mpaka mstari wa sita, mbele ya ubao ambao haukuwa na hata moja ya herufi hizo. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza akasema, "Nimemaliza, afande," na alikuwa anatabasamu.

Kisha daktari mmoja, kwa wema wake usio na akili, akamwambia asijisikie vibaya, kwamba hata dada yake alikuja kuwaeleza kwa mapenzi tu.

Rajabu alirudi nyumbani. Nilipata nilichokitaka. Alilala kwenye godoro jipya, chumbani kwenye chokaa mpya, na siku ya kwanza alisema sentensi moja: "Umeniuza." Baada ya hapo alizungumza nami kuhusu chumvi, mafuta ya taa na wateja. Kula alikula peke yake. Nilikuwa nikimtengea sinia moja nami kama tulivyolelewa. Akachukua sahani akajipakulia, akakaa mlangoni akinipa mgongo. Nilimtukana, nilimbembeleza, nilimletea shehe. Miaka minne hivyo. Kila Ijumaa baada ya sala alipanda pikipiki ya jirani yetu, boda-boda anayemjua, akaenda kilimani kwa Afande na furushi la chakula. Alirudi jioni na uso mwepesi, na mimi nilimwona akicheka peke yake huku anapima sukari. Wivu niliouona siku hizo sitaueleza. Mimi mwenyewe sikukanyaga tena pale. Niliona nikifika Afande angekataa kuninyanyulia kidole, na angekuwa na haki.

Mwezi uliopita Rajabu alishikwa na homa siku ya Ijumaa. Alijaribu kuvaa viatu mara mbili, akashindwa. Mwishowe akasema, akitazama ukuta, "Mpelekee Afande. Usimseme vibaya."

Nilipitia soko la Kalerwe nikaongeza parachichi na ndizi mbivu. Wodi ilikuwa imepakwa rangi mpya. Yule wa dirishani hayupo, Kabeji hayupo, sura zote ngeni. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kukagua. Nesi akanielekeza barazani, na nikamkuta kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, kile kipande cha mguu bado kiko juu ya mto wake.

"Leo Ijumaa imevaa sketi," akasema.

"Rajabu ana homa."

"Homa gani?" Aliuliza haraka mno. "Amepima malaria?"

Nikamwambia amepima, amekunywa dawa, ataamka. Akashusha pumzi. Nikafungua furushi, nikampakulia, akala kidogo kwa adabu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Kibuli. Ikatoka imekatikakatika.

"Afande, mimi ndiye niliyekwenda kwa daktari. Najua unajua. Nimekuja kusema nilikosa. Au sikukosa, sijui. Lakini nimelipa."

Akatafuna kwa muda mrefu kipande kidogo cha nyama.

"Ulienda siku gani?"

"Jumatano."

"Mimi nilienda Jumatatu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Kalani wa bodi alinionyesha karatasi. Waliandika, huyu akipita macho, anaenda ulinzi wa geti. Si stoo. Geti, Mama Pilau. Bunduki, na barabara, na watoto ya shule wanapita hapo. Mimi ndiyo nilimfundisha ile ubao. Mtu angekufa, ingekuwa mkono yangu. Nikachukua magongo, nikapanda, nikamwambia daktari badilisha ubao. Wewe ulipofika, ubao mpya ilikuwa tayari kwa meza yake."

Kwenye baraza ile mgonjwa mmoja alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio. Nilisikia goli likifungwa. Nilisikia pia sauti yangu, na haikuwa nzuri.

"Miaka minne! Miaka minne hali chakula nami. Na wewe unamkaribisha kila wiki, unacheka naye, unakula pilau yangu! Kwa nini hukumwambia?"

"Nilitaka. Alikuja Ijumaa ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo akasema, Afande, dada yangu ameniuza, nimebaki na wewe." Akanyoosha mikono yake miwili mitupu. "Sasa sema. Wewe na Kiswahili yako nzuri. Ningesema nini?"

Nilimwambia ni mwoga. Nilimwambia wageni wote aliowacheka, wenye sukari na machozi yao, ni waungwana kuliko yeye. Nilimwambia leo hii, nikifika tu, kabla sijavua viatu, Rajabu atajua. Nilimchukia mtu yule siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Hakujitetea. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mwambie," akasema. "Ni haki yako kabisa. Lakini wewe uko na yeye siku saba. Mimi niko na Ijumaa tu."

Nikakusanya vyombo vyangu. Sikumuaga. Nikateremka kilima kwa miguu mpaka chini kabisa, boda-boda wananiita, siwasikii, na njia yote nilikuwa napanga maneno: nitaanza na Jumatatu, nitamalizia na Jumatano. Yalikuwa maneno mazuri. Yangenirudishia mdogo wangu, angalau nusu yake, na nusu ingenitosha.

Rajabu alikuwa ameketi kitandani, homa imeshuka, amejifunga shuka mabegani. Alisikia miguu yangu, akageuza lile jicho lake upande wa mlango.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Hajambo?"

"Hajambo. Amekonda kidogo. Ameuliza kama umepima malaria."

Akatabasamu, akajifunika vizuri. "Yule mtu," akasema, "katika dunia nzima, ni yeye peke yake ambaye hakuniuza."

Nilisimama pale mlangoni na sufuria mkononi. Jumatatu ilikuwa kwenye ulimi wangu.

"Kweli," nikasema. "Sogea, nikupe uji."